Siku Niliyowanyima Udongo

Nakumbuka Jumatano moja ya ukungu, mwanangu, ukungu ule wa Bukavu unaopanda asubuhi kutoka ziwani na kuingia mjini bila kubisha hodi. Siku hiyo nilitamka maneno machache ambayo mpaka leo, nikiwa nimebakiwa na meno manne ya kutafunia, bado yananichoma ulimi. Jana mezani ulituambia kwamba wamekupa ufunguo wa duka na wauzaji wanane chini yako. Ukasema pia kuna mmoja anayeharibu kazi, na utamfukuza kabla wiki haijaisha. Mimi nikanyamaza. Bibi yako alidhani nimesinzia, lakini wapi. Nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe ya miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, inatoka kinywani mwako. Basi weka hiyo simu chini, sogeza kiti, unisikilize.

Nilikuwa na umri kama wako, na kiburi mara mbili ya chako. Nilifanya kazi katika duka la vitambaa, kwenye barabara inayoteremka kuelekea ziwani. Mwenye duka alikuwa mzungu tuliyemwita Patroni. Tuliuza vikwembe vya kina mama kujifunga, mablanketi, na mashati ya shule. Tulikuwa wauzaji sita, na juu yetu alikuwepo kapita, ndiye mkuu wa wauzaji, Muzee Balagizi.

Alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi. Siku nzima alikaa juu ya kigoda cha miguu mitatu kando ya dirisha. Mteja akiingia, muzee alikohoa kwanza, kisha akamsalimu kwa Mashi, lugha ya kwetu, "Asinge," halafu akamtupia jicho muuzaji mmoja, na huyo akajua kwamba mteja ni wake. Vitambaa navyo vilikunjwa kwa namna yake, pindo nje na maua yakitazama dirisha. Mimi niliyaona yote hayo kuwa mambo ya uzee. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri, naandika Kifaransa kilichonyooka, na nilingoja siku yangu bila hata kuona aibu.

Siku yangu ikaja. Muzee Balagizi alifariki Jumatatu kwa ugonjwa wa kifua. Kesho yake Patroni, akiwa tayari kwa safari ya Usumbura, aliniita akaniwekea ufunguo mkononi.

"Sasa kapita ni weye," aliniambia kwa Kiswahili chake cha dukani. "Kesho banamuzika muzee. Kufunga ao kufungua, weye utaona."

Sikia vizuri hapo, mwanangu. Uamuzi uliachwa mikononi mwangu. Kwa miaka mingi nilipenda kusema kwamba mzungu ndiye aliyekataa, kwa sababu siku zile lawama zote zilikuwa na mahali pa kwenda. Si kweli. Ni mimi.

Jumatano ile niliwakuta wote watano mlangoni, wamevaa mashati meupe ya Jumapili. Aliyezungumza alikuwa Zihindula, muuzaji wetu bora. Akimsifia mama kikwembe kimoja, mama yule aliondoka na viwili.

"Kapita, tunaomba nusu ya siku tu," alisema. "Twende kumutupia muzee udongo, kisha tutarudia kazi."

Desturi hiyo unaijua, ingawa ninyi wa leo mnaifanya huku mkipiga picha. Mtu akizikwa, kila aliyeishi naye huchukua udongo kwa mkono wake, akautupa kaburini, na moyoni akamwambia: nenda, nimekuachilia, nawe uniachilie. Asiyetupa hajaagana.

Nami niliogopa. Ndiyo, nakuambia wazi, niliogopa kwamba nikikubali siku ya kwanza watanipanda kichwani siku ya pili. Mtu mwenye hofu akipewa cheo, hofu yake huvaa viatu na kuanza kutembea mbele yake. Nikajinyoosha, nikasema, "Maiti hainunui kitambaa. Ingieni kazini."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wale watu watano wakaingia mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa mlangoni kana kwamba mlango umekuwa mfupi. Saa nne kengele ya kanisa ikalia kwa ajili ya muzee. Mikasi yote ikasimama pamoja. Ilipoisha kengele, mikasi ikaendelea.

Tangu hapo duka likaingia baridi.

Usifikiri waligoma. Laiti wangegoma! Walisema "Ndiyo, kapita" kwa kila jambo, na walifanya kila nilichoagiza. Ila kabla ya kufanya, kila mmoja aligeuza uso kwanza kuelekea dirishani, kwenye kile kigoda kitupu, kama anayeomba ruhusa. Niliposema blanketi ishushwe, shingo tano ziligeuka, zikakaa kidogo, zikarudi. Ndipo blanketi ikashushwa. Zihindula, yule wa maneno matamu, alimwonyesha mteja kitambaa na kukaa kimya kama aliyelishwa yamini. Kina mama waliingia, wakagusa nguo mbili tatu, wakaanza kujikunyata, wakatoka. Mmoja nilimsikia barabarani akimwambia mwenzake kwamba mle ndani kuna kilio ambacho hakijaisha.

Kisha vitambaa. Niliagiza vikunjwe kisasa, pindo ndani. Mchana vilikunjwa hivyo. Asubuhi nikifungua mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe, navikuta pindo nje, maua yote yakitazama dirisha, na ukungu umejibandika kwenye kioo upande wa pili.

Nikasema moyoni, kigoda ndicho kinachowapa jeuri. Nikakibeba, nikakifungia katika depo ya nyuma, na ufunguo wa depo nikauvaa shingoni pamoja na medali yangu ya Bikira Maria. Jumatatu iliyofuata nilifungua duka, nikakuta kigoda kiko dirishani. Depo ilikuwa imefungwa vilevile. Nikakirudisha bila kumwambia mtu. Alhamisi kikawa pale tena, tena kimegeuzwa upande kidogo, jinsi muzee alivyokaa ili mguu wake mbovu upate nafasi. Sitakuambia kwamba kilikuwa na joto, maana mimi si mtu wa kutia chumvi. Kilikuwa baridi kama kila kitu mle. Lakini baada ya kukirudisha depo nilijifuta mkono kwenye suruali.

Juma hilohilo akaja mama mmoja wa Minova, mchuuzi aliyevuka ziwa kila mwezi kuja kuchukua vikwembe. Habari za kifo hazikuwa zimemfikia. Aliingia na ukungu mgongoni, mzigo kichwani, wala hakunitazama mimi niliyesimama mbele yake na tai yangu. Akageukia dirishani kama alivyozoea.

"Asinge, muzee!"

Nikafungua mdomo nimweleze. Kabla sijapata neno, nyuma yangu wauzaji wote wakajibu kwa sauti moja, taratibu, "Asinge, maman."

Mama yule akatabasamu, akachagua vitambaa vyake, akaenda zake. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa meza.

Patroni alirudi wiki ya tatu. Hakuhitaji maelezo. Alisimama katikati ya duka, akalisikiliza, akaniita nje.

"Kuko mutu anaharibu kazi," alisema. "Siku ya posho saa nne nitakuja. Utanipatia jina moja. Ule mutu ataenda."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Na kuenda siku zile hakukuwa kuenda kutafuta duka jingine. Mtu mweusi asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Alifunga mizigo, yeye na mke na watoto, akarudishwa kijijini, na nyumba yake ikapewa mwingine kabla jiko halijapoa. Jina moja lilikuwa familia nzima.

Sikufikiri sana. Nilichukua kipande cha karatasi, nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri wa mapadri: Zihindula. Si ndiye aliyeomba udongo? Si ndiye anayewaongoza wenzake kunitisha? Nikakiweka mfukoni mwa shati, na kutwa nzima nilikuwa nakigusa.

Ijumaa mchana, wakati wa kupumzika, nilipanda mtaa wa Kadutu mpaka kwa mjane wa muzee, Maman Nabintu. Nilitaka aje achukue kigoda cha mumewe, yaishe. Nilimkuta mlangoni anachambua maharage. Hakusimama. Nilimweleza shida yangu yote, na mwishoni nikamwambia kwamba wale watu wananifanyia uchawi, wanamwamsha marehemu.

"Banamuamusha?" aliuliza. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe ndani ya maharage. "Na nani alimulaza?"

Alitupa jiwe moja pembeni.

"Siku ya kuzika niliangalia njia mpaka udongo ikaisha," alisema. "Bana yake ba kazi hakuna hata moja. Mutu mwenye hamukuagana naye haende, papa. Anangojaka. Iko pale kazini, anabangojea."

Jua lilikuwa kali pale nje, nami nilihisi baridi ya duka ikinipanda magotini. Nikajaribu kujitetea. Nikasema kwamba kazi ni kazi, na kwamba kiti cha dirishani kilikuwa cha kuangalia wateja, sasa hakina maana tena.

Hapo aliinua macho. "Nani alikuambia alikuwa anaangalia bateja? Alikuwa anaangalia batu yake. Pale dirishani mwangaza inaanguka ku sura yabo. Anaona nani alilala njaa, nani alipigana na bibi yake, nani iko na nguvu leo. Mwenye nguvu, anamutumia muteja. Ile mwaka mutoto wa Zihindula alikufa, siku nane hakumutumia muteja hata moja. Alimuacha akunje bitambaa tu. Weye haukujua?"

Sikujua. Nilikuwa nimesimama meza moja na Zihindula miaka miwili, kiwiko kwa kiwiko, na sikujua kwamba alimzika mtoto. Nilimkumbuka siku zile akikunja vitambaa kimya, nami nikamcheka kwamba amekuwa mvivu. Niliona aibu ambayo sina namna ya kukupimia. Nikaomba msamaha palepale, mbele ya maharage.

"Si miye wa kuomba," alisema Maman Nabintu. "Kesho asubui nitakuwa ku malalo ya muzee na jembe."

Jumamosi ndiyo siku ya wateja wengi. Watano walipofika walinikuta nje, mlango umefungwa, ufunguo mfukoni, ukungu umetufunika hadi kiunoni.

"Leo hatufungui," niliwaambia. "Twende kwa muzee."

Walisimama tu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuna shingo iliyogeuka dirishani, walinitazama mimi. Kisha Zihindula akavua kofia, akatangulia njia.

Makaburini hatukuona mbali kuliko hatua kumi. Mjane alikuwa amelainisha udongo kidogo pale miguuni pa kaburi, maana majani yalikwisha kuanza kuota. Mmoja mmoja walichota, wakatupa, kila mmoja na neno lake la chini. Zihindula alilia kama mtoto, na alikuwa mwanamume mwenye mabega. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilitoa kile kikaratasi mfukoni, nikakifumbata pamoja na udongo, nikaviweka vyote viwili ardhini, nikaomba nisamehewe na yule wa chini na wale wa juu. Nikaona Zihindula ameitazama karatasi. Hakuuliza.

Tulipokuwa tunanawa mikono, wakaanza kucheka kidogo, kile kicheko cha watu waliotua mzigo. Nikawauliza habari za vitambaa. Wakakiri mara moja. Kila jioni, nikiwa nyuma naandika ripoti ya Patroni, kila mmoja aligeuza vitambaa vyake haraka kabla ya kutoka. Walisema mikono yao ilikataa kumwachia muzee maua yaliyopinduliwa.

"Na kigoda?" nikauliza.

Kicheko kikaisha. Walitazamana.

"Kigoda?" Zihindula alisema polepole. "Kapita, siye tulizani ni weye."

Tuliteremka kwa haraka, na hakuna aliyependa kuwa wa nyuma.

Saa nne Patroni alikuwa mbele ya mlango uliofungwa, uso mwekundu, wateja wamejazana barabarani. Hakunisalimu. Alinyoosha mkono, akauliza jina. Mwanangu, wakati ule bibi yako alikuwa na mimba ya miezi minane, kule Kadutu, katika nyumba ambayo haikuwa yetu ila kwa sababu ya kazi hii. Nilimwona moyoni akifunga mizigo. Nikamwambia Patroni kwamba anayeharibu kazi ni mimi, nikamtajia jina langu, na nikamweleza yale maneno ya Jumatano.

Patroni aliwatazama wateja wale barabarani. Hakuwa mtu mbaya wala mwema, alikuwa mfanyabiashara. Mwishowe alichukua ufunguo kutoka mkononi mwangu, akampa Zihindula, akamwambia kapita sasa ni yeye. Akanionyesha barabara.

"Patroni," alisema Zihindula, "huyu abaki. Siye bengine hatujue kuandika Kifaransa."

Patroni akakubali. Mtu ambaye jina lake lilikuwa mfukoni mwangu mpaka asubuhi hiyo ndiye aliyeniacha nikae mjini. Baba yako alizaliwa Bukavu kwa sababu ya sentensi ile moja. Majuto ni mjukuu, husemwa, nami mjukuu ninaye, amekaa mbele yangu na ufunguo wake mpya.

Jumatatu Zihindula alikitoa kigoda depo mbele yetu sote. Hakukikalia. Alituuliza mmoja mmoja, nikiwemo mimi, kama tunamruhusu. Tulipoitikia wote, ndipo akakaa. Tangu siku hiyo kigoda hakikusogea chenyewe tena. Nilikuwa muuzaji wa chini kabisa kwa miaka, na ni hapo nilipojifunza ukubwa, kwa kutazama mtu akinitazama. Asubuhi nikija nimevurugika, hakuniuliza kitu, alinipa vitambaa vya kukunja.

Mama wa Minova alirudi mwezi uliofuata. Alikwisha kusikia habari za msiba, akatupa pole. Akamsalimu Zihindula dirishani, naye akajibu peke yake. Mama yule akatua mzigo, akatuhesabu kwa macho.

"Ile siku ingine mulinijibu batu sita," alisema. "Moja alikohoa mbele ya kujibu."

Tulikuwa sita kweli mle ndani. Lakini mimi, mwanangu, siku ile sikujibu, wala sijawahi kuwa na kikohozi.

Basi nasaha yangu ni hii, na nakuomba uimeze polepole. Unapopewa watu, usianze na sheria, anza na yale wanayoyalilia. Duka unalopewa lina mtu aliyekutangulia, hata kama hakufa, hata kama alihamishwa tu Goma. Waache wamuage. Ukimya wa wafanyakazi usiuite heshima, kwani kimya kingi kina mshindo mkuu. Muuzaji akiharibu kazi, kabla hujaandika jina lake, jiulize kama unajua ni nini kilichotokea nyumbani kwake mwaka huu. Usipojua, aliyeharibu kazi ni wewe. Kaa mahali ambapo mwanga unaanguka kwenye nyuso zao, siyo kwenye uso wako. Ukikosea, jitaje mbele yao wote, mchana. Utaogopa kwamba umepungua, na kwa siku chache utakuwa umepungua kweli. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kapita peke yake hauzi hata leso.

Huyo unayetaka kumfukuza wiki hii, nenda kwanza ukamsalimu kwao.

Zihindula alinikabidhi kigoda mbele ya wauzaji wote, akiwa mzima, alipochoka kazi. Nami nakupa leo, mkono wangu ungali na uhai, ili siku yangu ikifika usikiokote bila kuniaga. Kipo pale pembeni, chukua. Mungu akupe macho ya dirishani na ulimi mzito. Wanaokutegemea wasifunge mizigo yao kwa ajili yako. Wakutupie udongo kwa upendo siku yako, iwe mbali sana. Na kama asubuhi moja ya ukungu ukifungua duka ukakuta kigoda kimegeuzwa upande kidogo, usikimbie, mwanangu. Sema "Asinge," kisha waangalie watu wako vizuri, kuna mmoja wao hajalala.